Ngome Moja kwa Siku Moja

Mgeni akifika Maskati kutoka kwetu, awe amekwenda kumwona shangazi, kuhudhuria harusi au kufanya kazi ya mkataba, haimalizi wiki kabla mwenyeji hajamwambia, "Siku ya mapumziko tutakupeleka ngomeni." Ahadi hiyo hutolewa kwa nia njema, na huharibiwa na tamaa ya kuona mengi. Upande wa Batina kuna ngome tatu mashuhuri, Nakhal, Rustaq na Al Hazm, na kwa kuwa unaweza kuzizunguka kwa gari na kurudi Maskati usiku huohuo, kila familia hutaka kuzimaliza zote. Watu huondoka nyumbani saa nne, wakafika jua likiwa utosini, wakapanda ngazi wakihema, wakapiga picha kando ya mzinga, kisha wakakimbilia kiyoyozi cha gari kwenda ya pili. Jioni ukimwuliza mgeni ni ngome ipi iliyokuwa na ghala la tende, anakutazama tu.

Ushauri wangu ni kuchagua moja na kuipa siku nzima. Kama ndiyo safari yako ya kwanza, iwe Nakhal.

Nakhal iko kilomita zipatazo 120 kutoka Maskati, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutegemea unaanzia mtaa gani. Imekaa juu ya jabali chini ya Jebel Nakhal, mlima wa safu ya Hajar, na ukiisogelea kwa gari unaiona kabla hujaufikia mji wake. Mashamba ya mitende yameizunguka, na kilomita chache kutoka langoni kuna chemchemi ya maji moto ambapo watoto wataoga na wazee watakaa kivulini. Siku ya familia haihitaji zaidi ya hivyo. Tena iko historia, ambayo kwa msomaji wa Kiswahili si ya watu wa mbali.

Msingi wa ngome hii husemwa ni wa kabla ya Uislamu. Maimamu wa Kiyaarubi waliikarabati katika karne ya 17, na hao ndio waliomfukuza Mreno Maskati mwaka 1650, wakamfuata hadi pwani yetu. Mmoja wao, Imamu Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanzia Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698. Lango na minara unayoiona Nakhal leo ni kazi ya mwaka 1834, wakati wa Sayyid Said bin Sultan, yule yule aliyekuwa akihamishia makao yake Unguja miaka hiyo na kupanda mikarafuu. Alifariki 1856 baharini, akiwa safarini kutoka Oman kurudi Unguja. Kwa hiyo mtu wa Forodhani au wa Mji wa Kale Mombasa anapopita chini ya lango lile, anapita katika jengo la mtawala anayemjua tangu darasa la tano. Soma hayo kabla ya kuondoka, au wasimulie watoto njiani. Vibao vya maelezo ndani ya ngome vitakusaidia kidogo, lakini mtu anayefika akiwa hajui chochote huona kuta na vyungu tu.

Tuje kwenye mpango wenyewe. Anza na majira. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Machi hali ya hewa ni ya kutembea, na Desemba na Januari asubuhi zake zinataka hata sweta nyepesi. Kuanzia Mei hadi Septemba joto hupita digrii 40, na mawe ya ngome hulihifadhi kama tanuri la mkate. Kama ziara yako imeangukia Julai na huna budi, nenda mlango ukifunguliwa na uwe umeshatoka ifikapo saa nne na nusu. Usimchukue bibi wala mtoto mchanga. Ramadhani nayo ina hesabu yake: saa za kufungua hubadilika, na mchana hutakula wala kunywa hadharani, hata kama wewe si Mwislamu. Ngome juani bila maji ni adhabu. Ihamishie safari yako baada ya Idi.

Kisha siku. Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa ndiyo siku ambayo mwenyeji wako huwa huru, lakini saa za ngome siku hiyo huwa fupi kwa sababu ya sala, na alasiri yake chemchemi hujaa watu, masufuria na muziki wa magari. Ningechagua Jumamosi asubuhi. Kama kuna mtu wa kukupeleka katikati ya wiki, hiyo ni bahati ya kushikwa kwa mikono miwili. Katika hali yoyote, mwombe mwenyeji ahakikishe siku moja kabla kwamba ngome iko wazi. Majengo haya hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, na hakuna anayekuja kukutangazia nyumbani.

Saa ya kuondoka ndiyo itakayokupa ugomvi. Panga kwa kurudi nyuma: unataka kuwa langoni mlango unapofunguliwa asubuhi, kwa hiyo gari linatakiwa liondoke saa moja, kwa hiyo chai inyweke saa kumi na mbili na nusu. Nyumba za watu wetu Maskati zina ukarimu mzito. Kutakuwa na mandazi, mbaazi, mayai, maziwa, na kila mtu atataka ule tena. Mwambie shangazi usiku ule ule kwamba mandazi hayo yatiwe kwenye hotpoti yaliwe njiani. Atanung'unika, halafu atafunga mengi kuliko ambayo mngekula mezani.

Hesabu watu kabla ya kuhesabu magari. Kasi ya kundi ni kasi ya mtu wake wa polepole, na katika ngome ya kilimani mtu huyo hujitambulisha kwenye ngazi ya kwanza. Nakhal ina ngazi nyingi, nyingine nyembamba na zenye vidato visivyolingana, kwa kuwa jengo limefuata mwamba. Kiti cha magurudumu hakitafika juu, na kigari cha mtoto kiacheni kwenye buti. Mtoto abebwe mgongoni kwa kanga. Mzee mwenye magoti mabovu asiachwe nyumbani kwa sababu hiyo. Anaweza kuingia kwa taratibu, akaona vyumba vya chini, akakaa kivulini na mjukuu mmoja wa zamu wakati wengine wanapanda. Mkubaliane zamu hizo mapema. Vinginevyo binti mmoja mpole ndiye atakayekaa na bibi tangu mwanzo hadi mwisho, na hatoiona ngome.

Barabara ni nzuri mno, na hapo ndipo hatari yake. Mnatoka Maskati kwa barabara kuu ya Batina hadi Barka, kisha mnakunja kuelekea milimani kwenye barabara ya Nakhal na Rustaq. Kama ni wewe utakayeendesha gari la kukodi, kumbuka Oman hupita kulia. Mtu wa Goma, Kigali au Bujumbura hatashtuka. Wa Dar, Mombasa au Kampala atajikuta anawasha waipa kila anapotaka kuwasha indiketa, na penye mzunguko wa barabara mkono utamvuta upande wa nyumbani. Aliye ndani ya mzunguko ndiye mwenye haki ya kupita. Kamera za mwendo zimetapakaa, na kikomo cha 120 kwa saa kwenye barabara kuu si cha mapambo. Iulize kampuni ya kukodi mapema ni leseni gani inayoikubali. Usingoje kujua hilo ukiwa kaunta na watu sita nyuma yako wamevaa viatu vya kupanda mlima. Gari dogo la kawaida linatosha kabisa hadi langoni. Atakayekuambia Nakhal inataka fobaifo anataka kukukodisha fobaifo.

Mvua ni jambo jingine. Haiji mara nyingi, lakini ikinyesha milimani, makorongo yaliyokauka hushusha maji kwa ghafla hata kama juu yako anga ni ya samawati. Ukikuta maji yanakata barabara, simama. Kuvuka ni kosa la kisheria, na kila mwaka kuna magari yanayobebwa. Kama utabiri unataja mvua upande wa Hajar, ahirisha. Ngome itakuwapo wiki ijayo.

Mavazi si mzigo kwa watu wetu. Nguo pana, mabega na magoti yafunikwe, mtandio unaoweza pia kumkinga mtu jua, na viatu vilivyofungwa kisigino. Ndara ziacheni kwa ajili ya chemchemi. Kila mtu awe na chupa yake ya maji. Chukueni rial chache kwa noti ndogo, maana si kila mahali mtapokea kadi, na rial moja ya Oman ina thamani ya zaidi ya dola mbili na nusu, hivyo anayetoa noti ya rial hamsini kununua maji hujitafutia usumbufu. Ndugu yenu mwenye droni aiache Maskati: kurusha chombo hicho Oman kunahitaji kibali.

Sasa mmefika. Msikimbilie juu. Kosa la wageni wengi ni kupanda moja kwa moja mnarani kutafuta picha, halafu kushuka wakipita vyumbani bila kusimama. Kwanza izungukeni ngome kwa nje, hata kwa dakika kumi. Aliyekwisha kuiona Ngome ya Yesu ataona tofauti papo hapo. Ile ya Mombasa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na pembe zake zimepimwa ili mzinga wa pembe moja ulinde ukuta wa pembe ya pili. Nakhal haina umbo la kuchorwa darasani. Ukuta unapanda mwamba unapopanda, unapinda unapopinda, na pengine huwezi kusema jiwe la mlima limeishia wapi na la mwashi limeanzia wapi. Aliyejenga hapa aliokoa nusu ya kazi kwa kumwachia Mungu aliyoyajenga. Tazama pia minara yake ya mviringo: risasi ya mzinga ikigonga ukuta wa mviringo huteleza, na mlinzi aliye juu hakosi pembe ya kutazama.

Langoni simameni tena. Elekezeni macho juu ya mlango. Kuna mwanya ambao walinzi waliutumia kumwagia mshambuliaji asali ya tende iliyochemshwa. Watoto wataomba hadithi hiyo irudiwe, na inastahili, kwa sababu nusu ya pili iko ndani: maghala ya tende. Katika ngome za Oman magunia ya tende yalirundikwa juu ya sakafu yenye mifereji, uzito wa magunia ya juu ukayakamua ya chini, na asali ikatiririka taratibu hadi kwenye mtungi. Ghala hilohilo lilikuwa chakula cha mzingiro, biashara ya wakati wa amani na silaha ya mlangoni. Mwonyesheni mtoto mfereji huo sakafuni kabla ya kumpeleka kwenye mzinga. Mzinga atauona tu, hata msipomwonyesha.

Vyumba vya ndani vimetandikwa mazulia na mito, rafuni kuna vyombo, na mahali pengine utaona bunduki za zamani. Kuna baraza ya liwali, kuna upande wa wanaume na upande wa wanawake, kuna jiko, kuna gereza. Mimi hukaa sana upande wa makazi kuliko kwenye silaha. Ukitazama dirisha limewekwa wapi, upepo unaingia kutoka wapi na unatokea wapi, unaanza kuelewa jinsi watu walivyoweza kuishi kwenye jabali hili mwezi wa Juni bila umeme. Kaeni kwenye mito hiyo kama mnaruhusiwa, mnyamaze kidogo, msikie upepo unavyopita. Aliyekulia katika nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja atayatambua mengi: makasha, dari ya boriti, mashubaka ukutani.

Ngome ilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 1990, na lazima niseme kwamba kwa macho yangu imesafika kupita kiasi. Kuta zimekuwa laini, na mgeni anaweza kudhani imejengwa juzi. Wengine hupenda hivyo, na ni kweli kwamba jengo la udongo na chokaa lisipopakwa upya huyeyuka kwa mvua chache tu. Huko nyuma pia lilipakwa mara kwa mara. Basi anayetaka kuona magofu yenye nyufa na nyasi ajue mapema kwamba hatayapata hapa.

Juu ya minara ndipo mlipopafanyia safari, na kwa kuwa mmechelewa kupanda mtapaona kwa akili. Upande mmoja mlima uko karibu, mkavu na mkali. Upande mwingine mitende imetanda kijani, na ng'ambo yake tambarare ya Batina inateremka kuelekea bahari. Mtaelewa kwa nini mtu alitaka ngome hapa: anayemiliki jabali hili anayaona mashamba, maji na njia inayotoka pwani kwenda ndani. Kuta za juu pengine ni fupi, kwa hiyo mkono wa mtoto usiachwe. Mtu yeyote asikalie ukingo kwa ajili ya picha.

Saa mbili ndani zinatosha kwa watu wanaotazama. Zikizidi, watoto huanza kugombana.

Kutoka hapo nendeni Ain Thawwara, chemchemi iliyoko mwisho wa barabara inayopita kati ya mashamba. Maji yanatoka mwambani yakiwa na uvuguvugu mwaka mzima, na yanakwenda kwa mifereji kumwagilia mitende. Mkitumbukiza miguu, samaki wadogo watakuja kuwadonoa vidoleni. Bibi atapiga kelele mara ya kwanza, kisha hatataka kutoka. Mahali pa kutandika mkeka pako. Hapa ndipo hotpoti zifunguliwe, na kama kuna kijana hodari wa mkaa, mishkaki ichomwe. Neno na nyama vyote viwili vinaeleweka Oman bila mkalimani.

Adabu ya mahali ni rahisi. Wanaume wasivue wakabaki na chupi ya kuogelea, wanawake waingie na nguo zao au waloweshe miguu tu, na familia za watu zisipigwe picha. Sabuni na shampuu haziingii majini kabisa, kwa sababu chini yenu kuna mtu anayengoja maji hayo shambani. Mgao wa maji ya mifereji hii, inayoitwa aflaj, kijadi hupimwa kwa muda: kila shamba lina zamu yake, na zamu hurithiwa na kuuzwa kama mali nyingine. Mwaka 2006 mifereji mitano ya Oman iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, mmoja wao ukiwa Rustaq. Mwenyeji anayeuona mfupa wa kuku unaelea kwenye maji hayo ana haki ya kukasirika. Bebeni mifuko ya taka, muondoke nayo.

Itakapofika saa nane, tumbo likiwa limejaa, mtu mmoja garini atasema, "Rustaq si mbali, tupite tu." Namjua mtu huyo, kila familia inaye. Hoja yake ina nguvu, maana Rustaq ndiko alikozikwa Imamu Saif bin Sultan aliyeitwaa Mombasa, pamoja na Imamu Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ukoo wa Al Busaid uliotawala Unguja hadi 1964. Kwa msomi wa historia ya pwani hiyo ni ziara ya lazima. Lakini iwe ya siku nyingine, asubuhi, na watu walioitaka. Kuwapeleka huko watoto waliolowa na wazee walioshiba ni kuilaza historia kwenye kiti cha nyuma cha gari. Vivyo hivyo kijiji cha Wakan, ambako miti ya aprikoti huchanua Februari: kiko juu mlimani, njia yake ya mwisho ndiyo kweli inayotaka fobaifo, na ngazi zake ni nyingi kuliko za ngome. Akiendelea kusisitiza, mpeni kazi ya kuipanga safari hiyo yeye mwenyewe, pamoja na kuamka saa kumi na moja. Mara nyingi mjadala huishia hapo.

Badala ya Rustaq, rudini mapema. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na barabara kuu ya Batina mwisho wa mapumziko hujaa magari yanayorudi mjini. Mkiondoka chemchemini saa tisa na nusu, mtasali alasiri Barka na mtapata nafasi ya kununua halwa. Barka ina sifa ya halwa Oman nzima, na wauzaji hukuonjesha kabla hujaamua. Ni ndugu wa halua ya Unguja na Mombasa: sukari, samli, wanga, iliki, zafarani na maji ya waridi, yakisongwa kwa muda mrefu kwenye sufuria kubwa. Onjeni aina mbili tatu. Yenye zafarani nyingi ni ghali, na kwa zawadi ya nyumbani ile ya kawaida yenye lozi inatosha. Hukaa wiki nyingi bila friji, kwa hiyo inasafiri vizuri hadi Dar au Nairobi, lakini itieni kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Kwenye mkoba wa mkononi wakaguzi wa uwanjani wanaweza kuihesabu kuwa ni kitu cha majimaji na kuwanyang'anya.